Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Ndege

Alasiri ya Agosti 30, 1940, marubani wa Kikosi nambari 303 walikuwa angani kaskazini mwa London wakifanya mazoezi. Mazoezi tu. Ndege za Waingereza aina ya Blenheim zilikuwa zimepewa kazi ya kujifanya adui. Wao walitakiwa wazifuate, wazizunguke, kisha warudi uwanjani wakanywe chai. Vita vyenyewe vilikuwa vinaendelea pale pale jirani, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuvigusa. Walikuwa Wapolandi, Kiingereza chao kilikuwa cha kuokoteza, na wakubwa wa jeshi la anga la Uingereza, RAF, waliona afadhali wasubiri.

Rubani mmoja, Ludwik Paszkiewicz, akaona ndege zikikimbizana. Akamwita kamanda wake kwenye redio. Hakujibiwa. Basi akachomoka kwenye msafara peke yake, akaiandama Messerschmitt 110 ya Wajerumani, ile ya injini mbili, akaipiga mpaka ikaanguka. Alipotua Northolt, magharibi mwa London, alikaripiwa kwa utovu wa nidhamu na kupongezwa kwa pamoja. Kamanda wake Mwingereza, Ronald Kellett, akawapigia simu wakubwa kuwaambia kwamba hawa jamaa wako tayari. Kesho yake kikosi kikaingia vitani rasmi, na kufikia jioni kilikuwa kimedai ndege sita za adui.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo watu hupenda kuisimulia. Ina kila kitu: shujaa mkaidi, bosi mwenye shaka, ushindi kabla ya jua kuzama. Mwaka 2018 pekee zilitoka filamu mbili kuhusu kikosi hiki. Sina shida nayo, ni hadithi tamu kweli. Lakini mimi husumbuliwa na kilicho kabla yake na baada yake. Hao watu walifikaje pale? Na walipomaliza kazi, walirudi wapi?

Ukisoma historia ya haraka utaambiwa kwamba Ujerumani ilipoivamia Polandi, Septemba 1, 1939, jeshi la anga la Polandi lilichomwa likiwa chini, siku ya kwanza, kama kuku waliofungiwa bandani. Si kweli. Ndege nyingi za kivita zilikuwa zimeshahamishwa na kufichwa kwenye viwanja vidogo vya nyasi. Marubani walipaa na kupigana. Shida ilikuwa chombo. Ndege yao kuu, PZL P.11, ilikuwa na kiti kilicho wazi, rubani anapigwa na upepo kama abiria wa pikipiki, na magurudumu yake hayakukunjwa. Ilikimbia karibu kilomita 390 kwa saa. Messerschmitt 109 ya Wajerumani ilipita 550. Fikiria unamkimbiza mtu wa Subaru na wewe uko na boda, na juu ya hayo yeye ndiye aliyebeba bunduki kubwa.

Septemba 17, Umoja wa Kisovieti nao ukaingia kutoka mashariki. Polandi ikagawanywa na majirani wawili. Marubani wakaamriwa kutoka nje ya nchi, wakavuka mpaka kuingia Romania na Hungaria. Huko wengi walifungiwa kambini, wakatoroka kwa hongo, kwa vitambulisho vya kughushi, kwa kujifanya wanafunzi au vibarua. Lengo lilikuwa Ufaransa. Wakafika Ufaransa, baadhi yao wakapigana tena, na Juni 1940 Ufaransa nayo ikaanguka. Wakapanda meli tena. Uingereza ilikuwa kituo cha mwisho, maana baada ya hapo kulikuwa na bahari tu.

Kwa hiyo yule rubani anayekaripiwa Northolt kwa kukosa nidhamu alikuwa mwanajeshi kamili aliyeshaona nchi mbili zikianguka. Alikuwa na saa nyingi angani kuliko wengi wa vijana wa Kiingereza waliokuwa wanarushwa vitani wakiwa na mafunzo ya wiki chache.

Na bado aliwekwa kwenye baiskeli. Hapa sitanii. Waingereza walikuwa na njia ya kuwafundisha marubani kufuata maelekezo ya redio wakiwa chini: wanapanda baiskeli za magurudumu matatu zilizofungwa redio na dira, wanazunguka uwanjani wakipokea amri kwa Kiingereza. Wanaume wazima waliopigania anga la Warsaw, wanapiga pedali kwenye nyasi kama watoto wa nasari. Waliona ni dharau, na ilikuwa na harufu hiyo kweli. Lakini kulikuwa na sababu pia. Uingereza ilikuwa na rada, na rada haina maana kama rubani hawezi kuelewa anaambiwa aende wapi. Ndani ya ndege mambo yalikuwa kinyume pia. Kwenye ndege walizozoea, mkono wa kuongezea injini nguvu ulivutwa nyuma. Kwenye Hurricane unausukuma mbele. Walikuwa wamezoea kilomita na mita, sasa kila kitu ni maili na futi. Magurudumu ya Hurricane yalikunjwa, na mtu aliyezoea magurudumu yasiyokunjwa husahau kuyashusha. Kuna ndege zilizotua kwa tumbo kwa sababu hiyo tu.

Kikosi kilikuwa na uongozi wa kubebana. Kellett alikuwa kamanda wa Kiingereza, na Zdzisław Krasnodębski kamanda wa Kipolandi, wote kwa cheo kimoja. Chini yao walikuwepo John Kent, Mkanada, na Athol Forbes, Mwingereza. Mafundi wa chini walikuwa Wapolandi, na ukiniuliza mimi, hao ndio wamesahaulika zaidi. Ndege inarudi jioni ina matundu kama chujio, asubuhi inatakiwa ipae. Filamu hazipendi mtu wa spana.

Jina rasmi la kikosi lilikuwa na neno moja zaidi: Kościuszko. Tadeusz Kościuszko alikuwa jenerali wa Kipolandi aliyepigana upande wa Wamarekani katika vita vyao vya uhuru, kisha akarudi kwao kuongoza uasi dhidi ya Urusi, ambapo wakulima walipigana wakiwa na miundu. Ndiyo maana nembo ya kikosi ilikuwa na miundu miwili iliyopishana, kofia nyekundu juu yake, na nyota na mistari ya bendera ya Marekani. Ilichorwa na Mmarekani aliyejitolea kuirukia Polandi ndege mwaka 1919 na 1920, kwenye kikosi kilichoanzishwa na Mmarekani mwingine, Merian C. Cooper. Huyo Cooper ndiye aliyekuja kutengeneza filamu ya King Kong mwaka 1933. Dunia ni ndogo bana.

Haya, turudi angani. Kwa nini hawa watu waliweza hivyo?

Jibu rahisi ni chuki, na magazeti ya wakati ule yalilipenda jibu hilo: Mpolandi mwenye kichaa cha kisasi, anayemrukia Mjerumani bila kufikiri. Chuki ilikuwepo, na walikuwa na haki nayo. Familia zao zilikuwa chini ya Wajerumani au zilikuwa zinapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kupelekwa Siberia. Lakini kichaa hakudumu angani wiki sita. Jibu la kweli ni ufundi. Waingereza walifunzwa kuruka wamebanana, watatu watatu, kila mtu akiangalia bawa la mwenzake asije akamgonga. Wapolandi walikuwa wametoka kwenye vita ambavyo hakuna rada, hakuna redio ya maana, na macho yako ndiyo kila kitu. Walizoea kugeuza shingo muda wote. Tena ndege yao ya zamani ilikuwa na bunduki chache, kwa hiyo walijifunza kwamba ukipiga kwa mbali unapoteza risasi. Waingereza wengi walifyatua wakiwa mita mia kadhaa. Wapolandi walisubiri mpaka wakaribie kabisa, mita mia moja au chini ya hapo. Sasa mpe mtu wa namna hiyo Hurricane yenye bunduki 8.

Septemba 7, siku ambayo Wajerumani walianza kuipiga London yenyewe kwa nguvu, kikosi kilidai zaidi ya ndege kumi katika pambano moja. Namba zilikuwa kubwa mpaka mkuu wa kituo cha Northolt, Stanley Vincent, hakuziamini. Alifanya kitu ambacho namheshimu nacho: badala ya kukaa ofisini akinung'unika, alipanda ndege yake akawafuata vitani akaone mwenyewe. Alirudi akiwa ameridhika.

Kufikia Oktoba 11, walipohamishwa Leconfield kaskazini kupumzika, kikosi kilikuwa kimedai ndege 126. Hakuna kikosi kingine cha RAF kilichodai nyingi hivyo katika vita vile, na hawa waliingia nusu ya safari. Hapa lazima niwe mkweli, maana hesabu hii inazungushwa kila mahali bila chumvi kuondolewa. Wanahistoria waliolinganisha madai na kumbukumbu za Wajerumani wameipunguza hadi chini ya nusu. Si kwamba walidanganya. Angani watu wawili wanaweza kuipiga ndege moja, kila mmoja akaandika yake. Ndege inayotoa moshi ikizama mawinguni inaweza kufika nyumbani. Vikosi vyote, vya pande zote, vilidai kupita kiasi. Hata baada ya kukatwa, 303 kinabaki miongoni mwa vikosi vilivyoangusha ndege nyingi zaidi, tena kwa Hurricane, ambayo ilikuwa nzito kuliko Spitfire. Mimi naona hesabu iliyokatwa ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu haihitaji kusaidiwa.

Aliyeongoza kwenye kikosi hakuwa hata Mpolandi. Josef František alikuwa Mcheki. Wajerumani walipoichukua nchi yake Machi 1939 alikimbilia Polandi, na tangu hapo alitembea na Wapolandi kila walikokwenda. Hakuweza kukaa kwenye msafara. Akiona adui anakwenda zake peke yake, jambo linalohatarisha wenzake. Mwishowe walimkubalia aruke kama mgeni wa kikosi, awinde anavyotaka. Septemba ile moja alidai ndege 17. Oktoba 8, siku moja baada ya kutimiza miaka 26, ndege yake ilianguka karibu na Ewell, kusini mwa London, akirudi kutoka doria.

Paszkiewicz, yule aliyefungua milango kwa kukosa nidhamu, aliuawa Septemba 27, siku moja na mwenzake Tadeusz Andruszków. Siku iliyotangulia, Mfalme George VI alikuwa amewatembelea Northolt. Krasnodębski, kamanda, aliungua vibaya mapema mwezi huo, akaishia mikononi mwa daktari Archibald McIndoe kule East Grinstead, aliyekuwa anavumbua njia za kurudisha nyuso za marubani walioungua. Nafasi yake ikachukuliwa na Witold Urbanowicz. Mirosław Ferić, aliyekuwa anaandika shajara iliyogeuka kuwa kumbukumbu rasmi ya kikosi na kuwalazimisha wenzake nao waandike, alikufa Februari 1942 pale pale Northolt. Shajara ikaendelea na mikono mingine.

Vita vya Uingereza vilikuwa sehemu tu ya kazi yao. Walipewa Spitfire mwaka 1941, wakapigana juu ya Ufaransa, wakawepo Dieppe mwaka 1942 na Normandy mwaka 1944. Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi ni kitambaa. Mwaka 1940 wanawake wa mji wa Wilno, mashariki mwa Polandi, walishona kwa siri bendera ya jeshi la anga, mji ukiwa umeshatoka mikononi mwa Polandi. Ilitoroshwa nje kwa msaada wa wanadiplomasia wa Japani, ikafika Uingereza mwaka 1941, ikawa inazunguka kutoka kikosi kimoja cha Kipolandi hadi kingine. Wazo lilikuwa wazi: tutairudisha wenyewe.

Februari 1945, Churchill, Roosevelt na Stalin walikutana Yalta. Mashariki ya Polandi, Wilno ikiwemo, na Lwów pia, ikaenda kwa Umoja wa Kisovieti. Marubani walikuwa bado wanaruka. Wengine walikuwa wazaliwa wa huko huko. Mtu anapaa asubuhi kupigania nyumbani, jioni anasomewa redioni kwamba nyumbani si nchi yake tena, na kesho asubuhi ana zamu. Julai 5, 1945, Uingereza na Marekani zikaacha kuitambua serikali ya Polandi iliyokuwa London, ile ambayo hawa watu waliapa kuitumikia, zikaitambua ile ya Warsaw iliyosimamiwa na Moscow.

Waswahili walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni alipewa jembe siku ya kwanza, akalima shamba zima, na mavuno yalipoisha akaulizwa anaondoka lini.

Juni 8, 1946 kulikuwa na gwaride kubwa la ushindi London. Uingereza ilialika mataifa mengi washirika, na vikosi vya makoloni vilipita barabarani pia. Mwaliko wa Polandi ulipelekwa kwa serikali mpya ya Warsaw, ambayo haikuleta mtu. Wapolandi waliopigana chini ya Waingereza, angani, Italia, baharini, hawakualikwa kama jeshi. Baada ya kelele, marubani 25 walioshiriki Vita vya Uingereza wakaambiwa wao wanaweza kuja. Walikataa. Kama wenzetu hawaendi, na sisi hatuendi.

Sisi tunaosoma hili kutoka Nairobi tusikimbilie kudhani waliopita kwenye gwaride ndio waliolipwa. Askari wa KAR waliotoka Burma walirudi Kenya hii, na ardhi ya nyanda za juu ikagawiwa wazungu waliotoka vitani. Kualikwa na kulipwa ni madaftari mawili tofauti.

Na hapa hadithi ya Northolt inapita kwetu moja kwa moja. Wale watu wa mashariki ya Polandi waliopakiwa kwenye mabehewa kwenda Siberia na Kazakhstan kuanzia Februari 1940, wengine walifunguliwa baada ya Hitler kumgeuka Stalin mwaka 1941. Mwaka uliofuata walivuka kuingia Iran, wamekonda, wamezika watoto njiani. Maelfu yao, wengi wanawake na watoto, Waingereza waliwaleta Afrika Mashariki na kusini. Meli zilitia nanga Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, karibu watu 5,000. Uganda kulikuwa na Masindi na Koja. Kenya, kambi za kupitia zilikuwa sehemu kama Makindu na Rongai. Ndio, Makindu ile ya barabara ya Mombasa. Wakati marubani wanapaka rangi alama za ushindi ubavuni mwa ndege, mama zao na dada zao, au za watu kama wao, walikuwa wanapanda mahindi chini ya Mlima Meru wakisubiri habari ya kurudi nyumbani. Baada ya Yalta wengi wao hawakuwa na pa kurudi. Kanisa walilojenga karibu na Masindi bado limesimama, na makaburi yao Tengeru bado yapo.

Kikosi cha 303 kilivunjwa Desemba 1946. Waliorudi Polandi walipokelewa kama majasusi. Urbanowicz, ambaye alikuwa amepigana hadi China na Wamarekani, alirudi mwaka huo, akakamatwa mara kadhaa na usalama wa serikali, akakimbilia Marekani. Krasnodębski alikwenda Afrika Kusini, kisha Kanada. Waliobaki Uingereza walianza upya kwa kazi walizopata, na vyama vya wafanyakazi wa migodi havikutaka kuwaona.

Jan Zumbach ndiye anayenitatiza. Alikuwa mmoja wa nyota wa kikosi, Spitfire yake ilichorwa Donald Duck, na baadaye akawa kamanda wa 303. Baada ya vita aliingia kwenye magendo ya ndege. Mwaka 1962 alikuwa Katanga, akimwandalia Moïse Tshombe kikosi cha ndege za kuigawa Kongo. Mwaka 1967 alipeleka ndege kuukuu ya mabomu Biafra, akijiita Brown, akapigana kwa malipo. Unaweza kusema alinyang'anywa nchi akaanza kuuza kitu pekee alichobaki nacho. Naielewa hoja hiyo. Lakini watu waliokuwa chini ya ndege zake nao walikuwa na nyumbani, na mtu aliyetoka Warsaw ya 1939 alijua vizuri sana mlio wa ndege unavyosikika ukiwa chini.

Ile bendera ya Wilno ilirudi Polandi mwaka 1992. Ilikwenda Warsaw, kwa sababu Wilno sasa ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania.

Karibu na uwanja wa Northolt kuna mnara wa kumbukumbu ya marubani wa Kipolandi, uliozinduliwa mwaka 1948. Majina ya waliokufa hayakutosha kwenye jiwe, ikabidi mengine yaongezwe mwaka 1996. Uko kando ya barabara kuu ya A40, na makutano ya hapo yamechukua jina la mnara. Kwa hiyo watu wa London bado wanawasikia Wapolandi kila wiki, kwenye habari za foleni: magari yamesimama, kuanzia kwenye mnara wa Wapolandi mpaka mjini.